Bibi Harusi wa Sufu

Wadogo zangu, leo nimeumbuka. Nawaandikia mikono bado inanuka kondoo.

Mnaijua ile kazi niliyojifunza kambini Nyarugusu, kwa yule mama wa shirika aliyekuwa akiwafundisha wanawake wakimbizi. (Mwanamume alikuwa mmoja. Mimi.) Unachukua sufu ya kondoo, unaimwagia maji moto na sabuni, unaisugua mpaka ishikane kama kitambaa kizito. Safari hii nimetengeneza ndege, korongo mmoja wa wale wenye taji waliokuwa wakitua bondeni kwetu. Kimo chake kinanifika kifuani. Miguu ni fito, taji ni la katani.

Sufu iliyolowa hulegea. Basi jana nikamzungushia kitenge cha marehemu mama, kichwani mpaka chini, nikamsimamisha juu ya kigoda dirishani akauke.

Halafu nikaongea naye. (Ndiyo. Tangu wewe Rehema uolewe Kibondo na wewe Enosi uende shule ya bweni, nyumba hii haina wa kuongea naye.)

"Baridi imekuuma, mama? Ngoja nikusogeze karibu na moto."

Kumbe Mama Skola, jirani yetu, alikuwa akipita nje na ndoo ya maji.

Leo asubuhi nasikia vigelegele uani. Nafungua mlango: akina mama wa kanisani wamejaa! Mbele Mama Skola, jogoo kwapani. Nyuma yake bibi Anastazia na kibuyu cha urwarwa, ile pombe yake ya ndizi.

"Mwakeye, baba!" Mama Skola akanisalimu. "Tumekuja kumwona mke wetu."

"Mke gani?"

"Usitufiche! Nimekusikia kwa masikio yangu unambembeleza."

"Uliacha shule ukalea wadogo zako," bibi Anastazia akasema, machozi yakimlenga. "Leo Mungu amekukumbuka."

Nikasimama mlangoni nimetanua mikono kama golikipa. Mama Skola akapenya chini ya kwapa langu, yeye na jogoo wake.

Akamwona: mrefu, mwembamba, kajitanda kitenge, kawapa mgongo.

"Ana haya," akanong'ona. Akapiga magoti. "Karibu kwetu, mwanangu."

"Hata salamu haitikii? Umemtoa wapi huyu?" Akavuta ncha ya kitenge.

Taji likafyatuka! Mdomo ukachomoza! Jogoo akamponyoka, na Mama Skola akakaa kitako ndani ya beseni langu la maji ya sabuni.

"Jamani, ni ndege!"

Walicheka mpaka wakashikilia kuta. Nami nikacheka ili yaishe. (Nilikuwa nimeshaanza kuvipenda vile vigelegele.)

Bibi Anastazia peke yake hakucheka. Alimtazama korongo, akanitazama mimi.

"Maneno yale yote ulikuwa unamwambia huyu?"

"Ndiyo, bibi."

Hapo ndipo kicheko kilipokatika. Na hapo ndipo nilipoumbuka kweli. Afadhali wangenikuta na mke wa mtu!

Wameondoka. Urwarwa wameniachia. Jogoo wamerudi naye, maana alikuwa wa bibi harusi.

Nawaombeni msicheke. Mkishindwa kujizuia, njooni mchekee hapa nyumbani. Korongo hajui kucheka, nimeshamjaribu.