Jino Langu la Dhahabu na Kinyama cha Fizi

Jumatatu, 4 Machi 1974
Toka Kyebando mpaka Ggaba hakuna mdomo unaoheshimiwa kama wangu. Ndiyo maana tarehe 16, wakwe wakija Ggaba kumposa mpwa wangu Concy, msemaji ni mimi, Okullo. Shida moja tu. Kando ya jino langu la dhahabu (zawadi ya mfalme wa Kongo, nilimwokoa na kiboko) kumeota kinyama chekundu kama punje ya mahindi. Nikisema neno refu, damu! Shemeji Saverio, mume wa dada yangu, polisi mstaafu wa kupuliza tarumbeta, anatangaza kwamba ni saratani na yuko tayari kusema badala yangu. Mtu mwenyewe mwizi. Mke wangu Alum anaamini ndiye aliyeiba koki ya bomba letu la uani. Anaamini kwa sababu nilimwambia mimi.

Jumanne, 5 Machi
Hospitali. Nilimweleza Dakta Mushagalusa kwamba ni kipande cha bomu la vita vya Burma kinatafuta njia ya kutoka. Akauliza wakati wa Burma nilikuwa darasa la ngapi. Sikumsikia. Akasema kinyama atakikata, kiende maabara kipimwe, lakini jino litangulie kutoka. Nilikataa kishujaa. Nesi akanishika kichwa. Sikulia. Dawa ile ya ganzi inatoa watu machozi.

Alhamisi, 14 Machi
Majibu! Si saratani. Alum alikaa chini akashukuru Mungu. Ni uvimbe usio na madhara, tena adimu, una chembe za mfupa ndani. Adimu! Mtaa mzima unajua: wenzangu huota nyama, mimi naota mifupa. Daktari anadai jino lilikuwa likisugua fizi, nikirudisha la namna ile uvimbe utarudi. Ushauri mzuri kwa watu wa kawaida. Msemaji atakaaje na pengo? Nilikwenda Katwe kwa fundi Habib, akanichongea lingine kutoka mabaki yaleyale.

Jumamosi, 16 Machi
Njiani kwenda Ggaba, kwenye kizuizi cha barabarani, askari aliniona nikitabasamu. Akauliza dhahabu hiyo imevuka mpaka kwa kibali cha nani. Watu wameshushwa garini kwa dogo kuliko hilo, hawajarudi kusimulia.
“Si dhahabu, afande,” nikasema. “Ni koki.”
“Koki ya wapi?”
“Ya bomba. La uani kwangu.”
Alicheka mpaka akamwegemea mwenzake. Tukapita. Saverio alikuwa ubavuni kwangu, akayasikia yote. Tulipofika Ggaba akaninong'oneza: “Shemeji, leo niseme mimi, au nikaseme kwa Alum?”
Alisema yeye. Ovyo kabisa, ingawa wakwe walipiga makofi.

Jumapili, 17 Machi
Majirani nimewaambia askari alinipigia saluti. Fizi inawasha kidogo. Nimeamua: jino la pili, upande wa kushoto, yalingane. Koki ya bomba la kwa Saverio ina rangi nzuri.
Na lile la tarehe tano, kwenye kiti cha daktari. Nililia. Nilimwita mama.