Kichwa cha Udongo chenye Vyumba Vinane

Jumatatu, 4 Machi
Mkuu wa shule katangaza: mwenye zana bora ya kufundishia, Jumanne ya wiki ijayo mbele ya mgeni wa wilayani, ndiye mwalimu mpya wa taaluma. Meza yake mwenyewe! Kiti chenye mto! Mpinzani ni mmoja tu, Frednand wa Kilimo. Mimi wa Baiolojia nitafinyanga kichwa cha mtu, nikipasue kwa msumeno hadharani, zionekane sainasi: vyumba vya hewa ndani ya mifupa ya uso. Jozi nne. Kata yote ya Runazi itanijua.

Jumanne, 5 Machi
Vyumba vinabomoka! Nimepata akili: nimevijaza maharage. Udongo ukikauka nitayamwaga. Kiganja kizima kila shavu (ndivyo vikubwa), machache juu ya nyusi, mtama katikati ya macho, mawili nyuma kabisa ya pua. Nimeyaloweka kwanza yavimbe. Ni ya debe la mke wangu, Marsiana. Analia kwamba ni ya mbegu. Sayansi haichagui.

Alhamisi, 7 Machi
Ufa shavuni. Nimekifunika kwa gunia bichi, karibu na mafiga. Nanyunyizia maji asubuhi na jioni. Frednand kapita, kasema ningeyakaanga maharage kwanza. Wivu! Nimempa chai bila sukari.

Jumapili, 10 Machi
Mahubiri sikuyasikia. Nilikuwa nakalia kile kiti, moyoni. Jioni nimeona kijani puani. Kuvu tu. Nimeongeza maji.

Jumanne, 12 Machi
Aibu! Nimekivua kichwa gunia mbele ya shule nzima. Pembe mbili za kijani kwenye paji la uso. Mashavu yamepasuka. Majani yanachungulia kutoka matundu yote mawili ya pua. Mgeni kasimama, kasema hajawahi kuona uotaji wa mbegu ukifundishwa kwa ubunifu huu, kauliza mwalimu wa Kilimo ni nani. Vidole vyote kwa Frednand! Kajitetea kwamba yeye alishauri tu yakaangwe. Mgeni kamsifu kwa unyenyekevu. Nikapiga kelele kwamba zile ni sainasi. Mkuu akaniomba nikae. Kwenye benchi. Nimelia chooni.

Jumatano, 13 Machi
Marsiana kakipanda kichwa shambani, kizima. Hanisemeshi. Frednand anakalia kiti changu. Lakini kosa nimelijua: pua ina unyevu mno. Mwakani ni sikio. Nimeshachukua mahindi kwenye debe lake lingine la mbegu, nimeyaloweka. Frednand kapita tena, kanishauri niyakaange kwanza.
Cheo kapata, wivu bado!