Zulia la Cornelia na Paka wa Mwenyekiti

Jumatatu, 8 Julai

Cornelia kaondoka asubuhi kwenda Mpui kumsaidia mama yake kuvuna ulezi. Atarudi Jumamosi, siku ambayo jumuiya ya kanisa inasali kwetu. Kaniachia nyumba na onyo. Kasema, Baba Dominika, mpango wako mwingine ukiharibu kitu humu ndani, mimi nitabaki Mpui na wewe utabaki na mipango yako. Hakutabasamu. Zulia kalitaja peke yake. Ni zawadi ya marehemu baba yake siku ya harusi yetu. Jekundu, zito, halikanyagwi na kiatu. Nikamwapia.

Bahati nzuri mpango wa sasa hauhusu zulia kabisa. Panya wametoboa magunia ya mahindi chumbani kwa Dominika, ambaye yuko shule ya bweni. Jirani yetu Mathias, mwenyekiti wa jumuiya, ana paka hodari anayeitwa Meneja. Wiki iliyopita nilimwomba aniazime. Akajibu kwamba paka si jembe. Haya! Jioni hii nimemwita Meneja kwa dagaa kupitia uwazi wa ua. Kaja mwenyewe. Nimemfungia ndani. Paka anakula, panya wanapungua, Mathias hapungukiwi kitu. Nani kaumia?

Jumanne, 9 Julai

Nimeumia mimi. Meneja kakojoa katikati ya zulia! Panya hakumgusa hata mmoja.

Nikachemsha maji, nikayamwaga yakiwa yanatoa mvuke, nikasugua kwa sabuni ya mche na brashi ya viatu. Jasho lilinitoka, na baridi hii! Doa likatanuka. Harufu nayo ikapata nguvu mpya, ikaenea sebule nzima.

Kabla sijafungua madirisha, hodi. Mathias! Akauliza kama nimemwona Meneja. Nikasema sijamwona, nikampa pole ndefu. Akanusa. Akasema hiyo harufu anaifahamu. Nikamwambia ni miguu yangu, ina fangasi. Akarudi nyuma kidogo, akaahidi kunitafutia dawa. Meneja alikuwa uvunguni mwa kitanda, kalala usingizi wa mwenye nyumba.

Sasa siwezi hata kumwachia. Akionekana anatoka mlangoni kwangu, nimekwisha.

Jumatano, 10 Julai

Nimemwuliza Justina, katibu wa jumuiya na shoga wa Cornelia, lakini kwa akili. Nikasema kuna rafiki yangu ana shida ya zulia na paka. Justina kasema maji ya moto ni kosa, yanaipikia harufu ndani. Ukandamize kwa kitambaa kikavu bila kusugua, utie maji baridi yenye siki kidogo, uache yanyonywe, usuuze, kisha uanike penye upepo. Halafu akauliza huyo rafiki anakaa hapa Mazwi? Nikasema anakaa Laela. Akaniangalia vibaya.

Siki! Jumamosi haisubiri kachumbari. Nimenunua dawa kali ya kung'arishia nguo. Muuzaji akanionya kuwa ni ya nguo nyeupe tu. Siku hizi kila mwenye duka ni mwalimu. Nikamimina chupa nzima.

Doa limetoka. Rangi imetoka pia. Katikati ya zulia pamebaki duara jeupe lenye ukubwa wa ungo. Meneja kaja, kalinusa, kalikojolea tena. Nilikaa chini nikashika kichwa.

Alhamisi, 11 Julai

Cornelia kapiga simu. Ulezi ni mzuri, mama hajambo. Akauliza zulia. Nikasema linakusubiri, mama. Akacheka, akasema huko wanalala mapema na yeye amekosa wa kubishana naye. Nilitaka kumwambia kila kitu. Kabisa nilitaka. Nikafungua mdomo, nikasikia unasema kila kitu ni salama.

Baada ya simu akili ikafunguka. Rangi ya sakafu! Ile nyekundu ya kopo, tunayong'arishia saruji sebuleni. Nimeipaka kwenye duara lote kwa kitambaa. Imelingana na zulia kabisa. Nilirudi nyuma mpaka mlangoni, sikuliona. Nimelala nikiwa mtu mpya.

Ijumaa, 12 Julai

Haikauki! Nikigusa, kidole kinatoka chekundu. Jua la Sumbawanga mwezi huu ni la kutazama tu. Nimefungua madirisha, upepo umeleta vumbi, vumbi limenasa. Nimepaka tena juu yake.

Kibaya zaidi, makochi lazima yatoke nje kesho, kwa sababu jumuiya ikija watu huvua viatu, hukaa na kupiga magoti juu ya zulia. Nimewaza hadi kichwa kikauma. Kisha nikapata! Meza ya sala. Nimeiweka palepale katikati, na kitambaa cheupe kimeshuka hadi chini. Nani atathubutu kusogeza meza yenye msalaba? Nimechoma ubani. Meneja nimemfungia chumbani na dagaa wa kutosha.

Jumamosi, 13 Julai

Mathias kathubutu.

Kaingia na suruali yake ya rangi ya maziwa, akasema meza inakaa ukutani siku zote, watu watazungukaje? Nikasema leo tubadilishe. Akasema sala si harusi. Wakaibeba yeye na Justina. Nikafumba macho. Hakuna aliyepiga kelele. Duara halikuonekana! Mathias akapiga magoti juu yake hasa, sisi wengine nyuma yake.

Sala ilikuwa ndefu kuliko zote nilizowahi kusali. Kwenye maombi, Mathias akamwombea yeyote aliyechukua kiumbe cha mwenzake, Mungu amguse moyo. Nikaona Justina ananitazama. Nikaogopa, nikaitikia Ee Bwana twakuomba utusikie, kwa sauti ya kupita wote. Nikageuka kuona kama wameniamini. Cornelia alikuwa amesimama mlangoni na kikapu chake cha ulezi.

Alipita taratibu kwenda kuweka kikapu chumbani. Nilitaka kumzuia, lakini nilikuwa nimepiga magoti kati ya akina mama. Mlango ukafunguka. Meneja akatoka, akapita katikati ya jumuiya nzima, akajisugua mgongoni kwa Mathias. Mathias akainuka kwa furaha. Magoti yake yalikuwa mekundu kama ya mchinja ng'ombe. Bibi Bertilla, mzee kuliko wote jumuiyani, akapiga yowe.

Cornelia hakupiga yowe. Aliinama, akagusa zulia, akatazama kiganja chake. Akawaomba watu radhi. Akachemsha chai, akawapa wote, akanipa na mimi. Afadhali angenimwagia.

Jumapili, 14 Julai

Kaondoka baada ya Misa. Nilimfuata hadi stendi nikieleza habari za panya. Akasema zulia ni kitu, lingesafishwa, hata baba yake angeelewa. Ila amenisikia nikiitikia. Akasema mtu anayeweza kumdanganya Mungu kwa sauti kubwa hivyo, yeye mke atamwamini saa ngapi? Hakusema atarudi lini. Nami sikuwa na ujasiri wa kuuliza.

Zulia amelianika uani mwenyewe kabla ya kuondoka.

Jumanne, 16 Julai

Nyumba imepoa. Nimekula ugali peke yangu, nikaacha nusu. Ninamkumbuka vibaya sana.

Justina kaja. Kasema kesho nipande gari niende Mpui, nimwombe msamaha mbele ya mama yake, bila maelezo, bila panya, basi. Nikamshukuru. Lakini nimelipima jambo hilo vizuri. Msamaha unaweza kukataliwa. Ukishakataliwa, umebaki na nini? Ugonjwa haukataliwi. Cornelia ana huruma, akisikia nimelala hoi atakuja na gari la kwanza. Nimemwomba Bibi Bertilla ampigie simu aseme nina homa kali na ninamtaja jina usingizini. Kakubali, maskini, kwa sababu nimemwambia ni kweli.

Nimeshajifunika blanketi. Nimeanza kukohoa.