Mgeni wa Heshima wa Maili ya Kumi na Sita

Jumapili, 1 Juni 1975

Siku kubwa! Tangazo limefika. Mimi, Rehani Mbwana, karani wa kijiji cha Kwemsuri, nimelisoma kabla ya mtu yeyote, kwa sababu barua zote za kijiji nafungua mimi. Mbio za marathoni! Maili ishirini na sita na ushei, kutoka hapa kwetu Handeni mpaka uwanja wa mpira Korogwe, Jumapili ya tarehe 15. Na mshindi, mmoja tu, atapelekwa Tanga kukimbia kwenye sherehe za Sabasaba. Kwa treni!

Nina miaka thelathini na mbili. Treni nimeiona mara nyingi. Nimeipungia mkono. Sijawahi kupanda.

Nimeshakimbia nusu marathoni mbili, zote za milima ya Lutindi, kupanda mpaka misheni na kushuka. Mwaka juzi wa nne. Mwaka jana wa kwanza! Sasa marathoni nzima ni nini? Ni nusu mbili, tena bila mlima. Hesabu ndogo.

Nimemwambia Swaumu, mke wangu, afue shati langu la kusafiria. Amejibu kuwa shati litangoja, kuni hazingoji.

Jumanne, 3 Juni

Nimemwona Mzee Mhina, mwenyekiti wetu. Nikamweleza kwa heshima zote kuwa miguu inayokwenda Tanga kwa jina la kijiji haifai kusimama siku nzima kwenye shamba la kijiji na jembe. Akavuta ugoro, akafikiri sana. Mwisho akakubali: nisishike jembe mpaka siku ya mbio. Ila nisipopanda hiyo treni, nitalinda mahindi ya kijiji dhidi ya nyani mpaka mavuno. Peke yangu.

Nikakubali papo hapo. Nani anaogopa nyani? (Mimi. Mwaka juzi mmoja alinivua kofia, akaivaa.) Lakini hayo hayatafika.

Mchana nimekimbia maili kumi na tatu kama upepo! Za kurudi nimepanda basi la Dominiko, utingo wa basi la Korogwe, rafiki yangu. Ameniuliza kama siku yenyewe pia kutakuwa na basi katikati. Wivu huo.

Alhamisi, 5 Juni

Balaa. Koikai amejiandikisha.

Huyu Koikai ni mfugaji wa huko mbugani, kijana mrefu, mpole kupita kiasi. Lutindi nilimshinda kwa sababu milima haijui. Lakini barabara ndefu, tambarare, yenye vumbi? Huko ndiko alikozaliwa. Nikamwambia kanuni zinataka raba, katambuga zake za tairi hazikubaliki. Akachukua tangazo mezani kwangu, akalisoma taratibu mpaka mwisho, akasema halikutaja viatu. Na nani alimfundisha kusoma? Mimi! Darasa la elimu ya watu wazima, miezi minane! Fadhila za punda ni mateke.

Nimeandika jina lake kwa hati mbaya makusudi. Akanishukuru. Akaniita mwalimu.

Jumapili, 8 Juni

Nimekwenda kumpeleleza. Nimejificha nyuma ya kichaka tangu asubuhi, siafu wamenipata. Koikai hakimbii kabisa! Anatembea nyuma ya ng'ombe, anaimba. Nikatoka, nikamuuliza kwa ujanja mazoezi anafanya lini. Akasema ng'ombe wakienda maji ya mbali hawaswagwi asubuhi. Wanaoswagwa asubuhi hulala njiani mchana.

Nikacheka peke yangu njia nzima. Marathoni na ng'ombe wapi na wapi! Nilipofika nyumbani nikakumbuka kuwa toka asubuhi hakukaa chini hata mara moja. Kicheko kikaniisha. Yule mtu hachoki.



Jumatatu, 9 Juni

NIMEPATA! Sijui kwa nini mimi ni karani tu. Ningekuwa mkuu wa mkoa.

Kwenye maili ya kumi na sita kuna kijiji cha Kwedihalo. Tangu redio ianze vipindi vya Chakula ni Uhai, wenzetu wa Kwedihalo wameshika lishe bora kama dini. Wamepika, wamepanga mezani, wanangoja mgeni wa kuwakagua. Hakuna aliyekuja. Basi mimi nawapa mgeni! Nimeandika barua, nimeigonga muhuri wa kijiji mara mbili ili iwe nzito. Nainakili hapa kwa kumbukumbu za vizazi:

"Ndugu, mkimbiaji atakayefika kwenu akiwa wa kwanza ni mgeni wa heshima wa kijiji chetu. Mpokeeni ipasavyo. Aketishwe, ale kila chakula mlichoandaa, atoe hotuba. Tahadhari: mgeni huyu ana haya sana. Atasema ana haraka. Msimsikilize. Asiondoke kabla ya kushiba. Uhuru na Kazi."

Koikai atakuwa mbele. Koikai ni mpole, hawezi kumkatalia mzee chakula. Mimi nitakuwa nyuma yake kidogo, nitapita huku nampungia. Dominiko ameipeleka barua kwa mkono wake leo hii.

Jumamosi, 14 Juni

Kesho! Nimekula wali, maharage na ndizi tano. Raba nimezipaka chokaa, zinang'aa. Silali.

Swaumu ameuliza kwa nini nacheka peke yangu. Nikamdokezea kidogo tu. Akasema mchimba kisima huingia mwenyewe. Nikamwambia sichimbi, nakimbia. Akasema hata mbio za sakafuni huishia ukingoni. Huyu mwanamke ana methali nyingi kuliko sufuria.

Shati la kusafiria bado hajalifua. Nimelifua mwenyewe.

Jumapili, 15 Juni

Naandika nikiwa nimelala kifudifudi. Nitasema yote.

Tulianza saa kumi na mbili na nusu asubuhi, watu thelathini na mmoja. Ngoma, vigelegele, Mzee Mhina akapuliza filimbi. Watoto wa shule wakaimba jina langu! Jina langu! Damu ikachemka. Nikatoka kama nilivyotoka Lutindi. Maili ya tano niko peke yangu. Ya kumi, nageuka, Koikai ni kitone kwenye vumbi. Ya kumi na tatu nikapiga kelele za furaha njiani peke yangu, maana pale ndipo nilipokuwa nimezoea kuchukua zawadi. Sikuwahi kujisikia hivi maishani. Nilishaiona Tanga. Nilishaketi dirishani. Kila kitu kingine kilinitoka kichwani. Kila kitu!

Maili ya kumi na sita nikaona bendera, ngoma, akina mama kwa kanga za sare. Nikasema moyoni, tazama wananchi wanavyopenda michezo. Kisha nikaona kamba ya katani imekingama barabara nzima. Kisha nikaona meza.

Ndipo nikakumbuka.

Nikapaza sauti kuwa nina haraka. Wakaangua kicheko cha furaha. Bi Mwantumu, mwenyekiti wa akina mama, akainua barua yangu juu, akawatangazia watu kuwa ndiye huyu, ameanza, yasemwayo ni kweli tupu, ana haya. Vijana wawili wakanishika mikono kwa adabu, wakaniketisha kwenye kiti chenye kitambaa. Nikasema mimi siye. Wakauliza kama kuna mwingine mbele yangu. Nikatazama barabara. Ilikuwa tupu.

Shikamoo kwa wazee kumi na wawili, mmoja mmoja. Wa saba hasikii vizuri, nikarudia. Kisha chakula. Uji wa karanga. Mayai mawili ya kuchemsha. Ugali na mlenda. Maharage. Mchicha. Papai. Maziwa ya mgando! Kila sahani na mama aliyeipika kasimama nyuma yake, macho kwangu. Ungekataa ya nani? Nilipofika kwenye papai, Koikai akapita pembeni ya kamba, mwendo uleule wa ng'ombe. Akanipungia.

Nikaruka kusimama. Wakadhani nasimama kuhutubia. Wakapiga makofi.

Hapa nakiri. Ningeweza kusema asanteni nikaondoka. Lakini watu mia mbili wameketi chini, kimya, wananingoja mimi! Mimi, ambaye kijijini kwangu naambiwa niandike wanayosema wengine! Nikaanza. Nikasifu mlenda. Nikalaani unyonyaji. Nikasema umoja kati ya Kwemsuri na Kwedihalo hautaishia kwenye maneno. Makofi! Basi nikaahidi kuwaletea trekta letu siku tatu. Vigelegele! Nikaongeza ziwe sita. Wakati huo wakimbiaji walikuwa wanapita wawiliwawili.

Niliondoka kwa nyimbo. Nilipiga hatua arobaini hivi, maziwa yakaanza kudai njia yao. Sitaki kueleza maili ya kumi na nane. Maili ya ishirini miguu ilikataa amri. Nilijua nusu ya pili itafanana na ya kwanza. Uongo mtupu, hazijuani hata kwa ukoo! Basi la Dominiko likaja kutoka nyuma. Nikalisimamisha kwa mikono miwili. Abiria wakadhani nawasalimu. Wakanishangilia, wakanipungia, likapita.

Nikatembea. Nikalia kidogo, nasema ukweli. Lakini sikukaa chini, kwa sababu ningekaa nisingeinuka.

Nilifika Korogwe saa tisa, wa ishirini na tisa. Meza ya waamuzi imeshaondolewa, chaki ya mstari imefutika. Walikuwepo wawili tu. Swaumu, aliyekuja na basi, kashika shati langu la kusafiria, limepigwa pasi. Na Koikai, mshindi, kashika kibuyu cha maji. Akasema alitaka sana kusimama kunisikiliza pale Kwedihalo, ila aliona haya kumkatiza mwalimu. Nikanywa maji yake. Yalikuwa matamu, nikakasirika.

Jumatano, 18 Juni

Naweza kuketi, upande mmoja.

Mzee Mhina ameniita. Mezani pake kuna barua ya Kwedihalo: wanashukuru kwa mgeni, wanasifu hotuba, wanauliza trekta linafika lini. Pembeni wameambatanisha barua yangu, kuonyesha kuwa maagizo yalifuatwa yote. Mzee akaisoma mara mbili. Mabega yakaanza kumtikisika. Nilidhani ni hasira. Alikuwa anacheka mpaka ugoro ukamwagika. Kisha akaacha kucheka, akaniambia trekta litakwenda siku sita kama lilivyoahidiwa, maana heshima ya kijiji si mchezo. Kwa siku hizo sita jembe la hapa nitalishika mimi. Nyani baada ya hapo.

Muhuri amenipokonya. Anausahau mezani kila adhuhuri.

Jumapili, 6 Julai

Naandika juu ya dungu, katikati ya mahindi. Nyani mkubwa kakaa ng'ambo kwenye mti, anaitazama kofia yangu.

Jana Koikai alipita kuniaga. Leo asubuhi kapanda treni. Saa ile ile nikasimama hapa juu, nikatazama upande wa Korogwe, ingawa toka hapa haionekani wala haisikiki. Nilitaka mno ile treni. Nilitaka dirisha.

Lakini sitaki kukata tamaa, maana sasa najua! Kabla ya kuondoka Koikai alinifundisha siri yote bila choyo. Kosa langu lilikuwa kuanza kwa kasi. Mwakani sitatangulia. Nitamfuata Koikai unyounyo, hatua kwa hatua, yeye mbele mimi nyuma yake, mtu asipite kati yetu, maili ya kwanza mpaka ya ishirini na tano. Hapo ndipo nitakapochomoka! Nimeanza mazoezi kuzunguka dungu. Nina furaha nashindwa kukaa.

Na la barua nimelirekebisha pia, kosa lilikuwa neno moja tu. Muhuri nimeuazima jana adhuhuri kwa dakika mbili. Hii hapa, tayari, imekauka wino:

"Ndugu, mwaka huu mgeni wa heshima ni mkimbiaji atakayefika kwenu akiwa wa pili."