Ndizi za Mzambia

Jumanne, 9 Juni 1992
Biashara sasa ruksa! Mzambia mmoja, Bwana Mwansa, amefika kijijini kwetu Masoko kutafuta ndizi za kujaza lori. Kiswahili hajui. Mkalimani alitakiwa awe Mwalimu Tulia. Nikawahi, nikasema Tulia anaumwa. Kazi nimepata! Mzambia akasema anataka "mature", "not ripe". Yote si kuiva tu? Nikaona anajichanganya, nikamsaidia. Nikawatangazia wakulima: Jumamosi zije zilizoiva. Mzee Anyelwisye, baba yake Doreen wangu, kanishika mkono mbele ya watu. Kaniita mwanangu!

Ijumaa, 12 Juni
Balaa. Tulia kanibana dukani. Kwa nini kijiji kizima kimevundika ndizi? "Mature" ni zilizokomaa, bado mbichi. "Ripe" ndiyo zilizoiva. Zilizoiva zitapondeka hata kabla ya kufika mpakani. Kanisihi nikawaambie watu leo leo. Nimekwenda kwa Mzee. Kafunua shimo: njano tupu. Amekata shamba zima. Doreen kaniletea maziwa ya mgando. Nimekunywa. Nikaaga.

Jumamosi, 13 Juni
Lori limefika. Mwansa kafunua majani, kafoka: "Ripe! All ripe!" Nikatafsiri: amefurahi mno. Makofi! Akapiga teke tairi. Nikasema kwao ndiyo shukrani. Vigelegele! Lori likaondoka tupu. Mzee akauliza linakwenda wapi. Kugeuza, nikasema. Tukasubiri. Tukasubiri sana. Tulia akaja, akaeleza Mzambia alitaka nini.
"Gwe Meshaki," Mzee akasema taratibu, panga mkononi, "umejua lini?"
Nikasema sasa hivi.
Doreen akasema, "Baba, jana alikunywa maziwa macho yote kwenye shimo la ndizi."
Nikatimua mbio!

Jumatatu, 15 Juni
Wamenikamatia mtaa wa Bulyaga, mjini Tukuyu. Hawakunipiga. Afadhali wangenipiga. Nimeshinda nabeba mikungu ya Mzee mpaka sokoni Tukuyu, nusu ni uji. Doreen kanipita kama mti. Na kosa ni la Waingereza! Maneno mawili kwa ndizi moja!

Jumatano, 17 Juni
Daktari wa meno mgeni yuko Tukuyu. Hana mkalimani. Sasa anaye! Mgonjwa wa kwanza anataka meno yote yasafishwe. Kuna "clean", kuna "clear". Nimempa "clear", lina heshima zaidi. Daktari kashangaa, kauliza mara mbili. Nikasisitiza: yote! Kachukua koleo la kung'olea.