Mafungu Mawili kwa Punda Mmoja

Jumatatu, 5 Juni 1911. Dodoma.

Upepo. Vumbi kwenye chai, vumbi kwenye mizani, vumbi hata ndani ya wino huu. Lakini leo nina habari kubwa.

Mzee Athuman anaondoka. Yule mzee wa misafara, aliyekuwa akiongoza wapagazi mpaka pwani kabla reli haijafika hapa. Anarudi kwao Bagamoyo kwa gari moshi, yaani kwa kitu kilekile kilichomnyang'anya kazi. Punda wake haendi naye. Amesema punda aliyezoea kutangulia mbele ya watu hawezi kufungwa nyuma ya moto.

Punda mweupe, wa Maskati! Katika mji huu ambao kisima kiko mbali na kila mtu ana kiu, mwenye punda ndiye mwenye mji. Stesheni inataka maji. Mgahawa unataka maji. Mimi Shaibu, karani wa mizani kwenye bohari ya ngozi, nitaitwa Bwana Maji. Jina nimeshachagua.

Mzee hataki kumwuza. Anasema rafiki hauzwi. Hataki pia kumpa mtu mmoja wengine wakanuna. Kwa hiyo punda atachezewa karata Jumamosi, barazani kwa Bi Swaumu, mjane mwenye mgahawa. Kila mchezaji alete mbuzi wa karamu ya kumuaga mzee. Mbuzi mmoja, fungu moja la karata.

Nimesikia Swedi, fundi cherehani, naye atacheza. Swedi! Mtu aliyenishonea suruali yenye mguu mmoja mrefu, kisha akaniambia niende nikapimwe miguu.

Nimemweleza mke wangu Mwanaharusi. Akasema hiyo ni kamari. Nikamwambia ni karamu. Herufi karibu zilezile. Hakucheka.

Jumanne, 6 Juni.

Nimekwenda kujifunza mchezo. Unaitwa ishirini na moja. Waliuleta mafundi wa reli. Unapewa karata mbili, unajumlisha. Ukitaka unaongeza nyingine, ukitosheka unasimama. Kila mzunguko fungu la chini kabisa linatoka. Ukipita ishirini na moja, fungu limeungua, unatoka vilevile. Wazungu wote, yaani zile karata za picha, ni kumi kila mmoja. Mpaka hapo nilifuata.

Ikaja ree, ile karata yenye alama moja. Ree ni moja, au kumi na moja, upendavyo. Nikamwuliza Bi Swaumu kitu kimoja kinawezaje kuwa vyote viwili. Akasema ni kama mimi, boharini mdogo, nyumbani mkubwa. Nimefikiri jioni nzima. Bado sijajua kama nilisifiwa.

Lakini wazo limenijia! Kama mtu mwenye fungu moja ana bahati moja, basi mwenye mafungu mawili ana bahati mbili. Ajabu hakuna aliyeliona hili. Swedi hawezi kuliona, anashughulika na sindano.

Jumatano, 7 Juni.

Nimekwenda kumwuliza Bi Swaumu kama inaruhusiwa. Nikauliza kwa ujanja, kana kwamba naulizia mtu mwingine. Akauliza mtu gani. Nikasema mimi.

Jibu lake nalinakili hapa lote, maana sikulishika vizuri:

"Mtu mmoja, fungu moja. La pili unaweza kumshikia mwenzako, kwa mbuzi wake. Na la pili huliinui mpaka la kwanza limekwisha."

Nikasema ndiyo, ndiyo. Nikauliza la kwanza ni lipi. La kulia. Kulia kwangu au kwake? Kwake, maana yeye ndiye anayegawa. Sasa yeye hukaa akinitazama, kwa hiyo kulia kwake ni kushoto kwangu. Kwa hiyo fungu la kwanza ni la kushoto ambalo ni la kulia. Nikasimama, nikageuka nyuma nione kama itakuwa rahisi zaidi. Ikawa ngumu zaidi. Watu waliokuwa wakinywa uji wakaanza kunitazama.

Hilo la kumshikia mwenzako nadhani ni maneno tu ya adabu.

Alhamisi, 8 Juni.

Nimeazima karata, nimefanya mazoezi kitandani. Fungu la kushoto na fungu la kulia. Kushoto likapata kumi na tisa. Kulia likaungua. Nikaona si haki, kulia ndio mkono wangu wa kazi. Nikarudia. Kulia likapata ishirini, lakini nilikuwa nimechungulia, kwa hiyo kushoto likalalamika. Nimeshindwa kuwapatanisha.

Mwanaharusi alisimama mlangoni na ungo wa uwele. Akaniuliza nazungumza na nani. Nikasema na wapinzani wangu. Akaniuliza nani anashinda. Kwa kweli sikujua.

Ijumaa, 9 Juni.

Kuna tatizo la mbuzi. Mimi ninaye mmoja, beberu, mkali na mwenye harufu. Wa pili sina.

Mwanaharusi anaye mmoja. Jike mwenye sikio lililopasuka, zawadi ya marehemu baba yake. Kila asubuhi humkamua, na maziwa yote huyapeleka kwa mama yake, Bi Batuli, ambaye sasa hana jino na chakula kingine hakipiti vizuri. Najua. Najua yote hayo. Lakini mtu akiwa na punda ataweza kuwa na mbuzi kumi! Nitamfanyia mema kabla hajajua kwamba yametendeka.

Nilitaka kumwomba. Nilimkuta anaosha kibuyu cha maziwa, anakisugua polepole kama anavyofanya siku zote, akiniambia mama yake leo ameweza kukaa mwenyewe kitandani. Nikakisifu kibuyu. Nikatoka nje.

Mpango: alfajiri namchukua. Mwanaharusi akiamka atafikiri ni fisi. Fisi wako wengi msimu huu, kila mtu anawalalamikia. Mimi sitasema neno. Asiyesema neno hajadanganya.

Jumamosi, 10 Juni.

Siku ndefu. Nitajaribu kuandika kwa mpangilio, ingawa mwenyewe sina hakika nao.

Niliondoka mke amelala. Beberu kamba ya kushoto, jike kamba ya kulia. Beberu akataka kurudi, jike akataka kula paa la jirani. Nilivaa buti zangu nilizoachiwa na msimamizi wa reli, ili niheshimike.

Barazani kwa Bi Swaumu watu walikuwa wameshajaa. Punda kafungwa kwenye nguzo, amepigwa brashi, anang'aa kama sahani. Mzee Athuman kakaa kando yake, mkono shingoni mwa punda. Swedi kavaa kanzu mpya. Mikono yote miwili sawa, nikagundua kwamba akijishonea mwenyewe anaweza.

Bi Swaumu akampokea beberu. Alipofika kwa jike akaligusa sikio. Akasema huyu anamjua, ni wa Mwanaharusi. Akaniuliza kama mwenyewe ameridhia. Nikasema ameridhia kabisa, alikuwa amelala kwa furaha. Akasema basi, fungu la kwanza ni la Shaibu, fungu la pili Shaibu anamshikia Mwanaharusi. Akatangaza kwa sauti, watu wote wakasikia. Nami nikaitika. Sikuwa nasikiliza, nilikuwa nahesabu kulia ni wapi.

Mbuzi wakapelekwa uani kwa Mbwana mchinjaji, tukaanza.

Sila, mfugaji kutoka upande wa Mtumba, aliungua mapema. Aliomba karata akiwa na kumi na tisa. Alipoulizwa kwa nini, akasema aliona vibaya kumkatalia mama anayegawa. Akaenda zake kusubiri nyama, mtu mwenye amani kuliko wote. Wengine wakafuata mmoja mmoja. Mimi sijui nilikuwa nafanya nini, lakini mafungu yangu hayakutoka! Mara naomba karata kwa fungu ambalo si zamu yake, Bi Swaumu ananipiga vidole kwa kijiko. Mara nainua la pili kabla ya la kwanza, kijiko tena. Mara moja nilimwomba Swedi karata. Swedi akauliza kama naumwa.

Mwisho tukabaki sisi. Swedi na fungu lake, mimi na mawili yangu.

Bi Swaumu akagawa. Swedi akaangalia zake, akaomba moja, akasimama. Akalaza chini. Kumi na tisa. Akajifuta jasho kwa kanzu mpya.

Mimi, fungu la kwanza. Mzungu wa kopa na mzungu wa shupaza. Ishirini! Nikamwangalia mara mbili kila mmoja. Ishirini. Nikalaza. Watu wakaguna kwa raha. Mzee Athuman akainua kichwa.

Hapo ndipo nilipohisi mtu nyuma yangu. Mwanaharusi. Vumbi mpaka magotini, kitambaa cha kichwa kimelegea. Tangu alfajiri alikuwa amezunguka mashamba ya mtama yaliyovunwa, peke yake, akitafuta damu au manyoya ya mbuzi wake. Hakupiga kelele. Alisema kwa sauti ya chini kabisa:

"Shaibu, fisi wako anavaa buti."

Nikajaribu kutabasamu. Akaniuliza mbuzi yuko wapi.

Nikasema, "Ishirini."

Macho yake yalikuwa mekundu, na si kwa vumbi peke yake. Nilitaka yaishe upesi, nishinde, nimpe kamba ya punda mkononi, kila kitu kiwe sawa. Nikainua fungu la pili. Kumi na saba.

Bi Swaumu akaniuliza kama nasimama. Aliuliza taratibu sana, kama mtu anayemwuliza mtoto aliye juu ya paa. Swedi mwenyewe alikuwa ameshaanza kukunja mikono ya kanzu ili aondoke.

Mimi nikaona kumi na saba. Nikaona ishirini pale mezani. Nikasema moyoni, hapana, hii ishirini lazima ipitwe. Nani mwenye ishirini? Sikumbuki kama nilijiuliza. Nikasema niongezwe.

Bi Swaumu akasema, "Shaibu, una hakika?"

Nikasema niongezwe.

Nne ya uru.

Ishirini na moja! Nikaruka juu. Nikapiga meza, chai ikamwagika. Nikamshika Swedi mabega nikamtikisa. Nikaona yeye anacheka kuliko mimi. Watu wote wanacheka. Wengine wamekaa chini kabisa. Nikauliza kuna nini. Hakuna aliyeweza kunijibu.

Bi Swaumu akamfungua punda, akapita mbele yangu, akampa Mwanaharusi kamba. Akasema fungu la pili ni la mbuzi wake, na mimi nilikuwa nimemshikia tu, na nimemshikia vizuri sana.

Nikasema lakini la kwanza pia lilikuwa langu. Akasema ndiyo, na lilikuwa linaongoza, mpaka nilipolishinda.

Nimeiandika sentensi hiyo hapa ili niisome tena kesho.

Mambo hayakuishia hapo. Mbwana mchinjaji akatokea uani akimvuta yule jike. Akasema yeye hachinji mbuzi mwenye maziwa, alishindwa hata kumlaza, kwa hiyo wamepika wengine. Beberu wangu alikuwa wa kwanza sufuriani.

Mwanaharusi akaondoka na punda kamba moja, mbuzi kamba nyingine. Mimi nikabaki na bakuli. Nyama ilikuwa ngumu.

Jumapili, 11 Juni.

Tumemsindikiza Mzee Athuman stesheni. Mwanaharusi alimleta punda waagane. Mzee akamnong'oneza kitu sikioni, kwa muda mrefu. Gari moshi lilipopiga honi, punda alisimama imara, ila masikio yakageuka kufuata sauti mpaka ikapotea upande wa Gulwe. Mke wangu alilia. Mimi macho yaliniwasha, kuna vumbi sana pale stesheni.

Kabla ya kupanda, mzee alimshika Mwanaharusi mkono akasema amefurahi punda amempata mtu anayetembea tangu alfajiri kumtafuta mnyama wake. Nikasema na mimi nilitembea tangu alfajiri. Akasema ndiyo, amesikia.

Nyumbani mke wangu alikamua, akapeleka maziwa kwa mama yake, akarudi. Nilimngoja nikiwa nimejiandaa kwa maneno makali. Hakuyasema. Alikaa, akavua kitambaa, akaniambia kwamba wakati anatafuta, alipoona manyoya kwenye miiba alipiga magoti chini, akidhani ndiyo hayo. Yalikuwa ya mbuzi wa watu. Alisema hivyo tu.

Nikaenda nikamwongezea mbuzi majani.

Baadaye akasema punda ni wake, lakini kuchota maji ninaweza, asubuhi kabla ya bohari. Nikauliza kama nitaitwa Bwana Maji. Akafikiri. Akasema ataona.

Jumatano, 14 Juni.

Mabega yanauma. Kumbe punda hubeba maji, lakini kuyachota kutoka kisimani ni kazi ya mtu. Stesheni wanamwita mke wangu Bi Maji. Wanamsalimia yeye kwanza. Punda pia anamsikiliza yeye, mimi ananing'ata.

Swedi alipita kisimani akanisifu kwa ushindi. Nilimwambia ni wivu.

Lakini leo, mzigo wa ngozi ukiwa kwenye mizani, mtu wa bohari ya Gulwe ameniambia habari ya ajabu. Huko kwao kuna fundi wa daraja anachezesha karata kila mwisho wa mwezi, zawadi ng'ombe jike na ndama wake. Na huko mtu anaruhusiwa mafungu matatu! La kati linachezwa mwisho, ila likifanana na la kwanza linachezwa mwanzo, na la tatu linageuzwa kifudifudi mpaka mtu aliye mkono wa kushoto akohoe. Nilimwomba arudie. Akarudia. Sikuelewa hata kidogo.

Vizuri sana. Kama mimi mwenye uzoefu sielewi, wale wengine wataelewa nini? Nimemwambia aniwekee nafasi. Sasa natafuta jinsi ya kumweleza Mwanaharusi kwamba punda anahitaji kwenda Gulwe kubadilisha hewa.