Jinsi Reinhold Mia Mbili Alivyolipigania Jina Lake

Gari la Reinhold Brackmann halikuwa limewahi kufika kilomita mia mbili kwa saa. Spidomita yake ilisema limefika, na spidomita yake ilikuwa mwongo.

Sogeeni basi, enyi mlioshika usukani na enyi mliozoea kubebwa kiti cha nyuma! Zimeni injini, mpate habari ya vita iliyopiganwa Emsland, kaskazini-magharibi mwa Ujerumani, katika barabara kuu ya A31, asubuhi ya Jumapili malori yote yakiwa yamelala, kati ya mwana wa Brackmann, mwezekaji wa mapaa, na sindano nyekundu ya spidomita yenye ulimi mtamu.

Kila Jumapili baada ya misa shujaa huyu aliketi kwenye meza ya pembeni katika baa ya Tönne, na hapo hakuwa Reinhold. Alikuwa Mia Mbili. Jina hilo alivikwa siku ile farasi wake wa dizeli, mwekundu, mwenye kutu ubavuni, alipoisukuma sindano hadi kwenye tarakimu hiyo mbele ya macho ya watu. Hata padri alimwita hivyo.

Jumapili moja akainuka adui, Eckart, shemeji yake, kaka wa mkewe, mwenye tumbo la pipa na ulimi wa msumeno. Akaiweka simu yake mezani kama mtu anayeweka upanga.

"Shemeji, juzi uliponipeleka Meppen, sindano yako ilisema mia mbili. Setilaiti kwenye simu yangu ikasema mia na themanini na nane. Karibu kiti, Mia na Themanini na Nane!"

Meza ikaangua kicheko.

"Simu yako imelewa," akasema Reinhold.

"Simu hailewi, bwana. Sheria ndiyo hiyo: spidomita marufuku kupunguza, ruksa kuzidisha. Inatoka kiwandani na uongo wake, tena halali."

"Kama Reinhold na ukubwa wa samaki anaowavua," akadakia Tönne kutoka kaunta.

Shujaa akasukuma glasi yake kando. Maana farasi wake alikuwa mahututi: fundi alishapitisha bisibisi kwenye chasisi kama kisu kwenye keki, na ukaguzi wa mwisho wa mwezi gari lisingeupita. Likienda kwenye chuma chakavu bila mia mbili ya kweli, jina lingekwenda nalo, na kaburini mwake Reinhold angeshuka akiwa na tarakimu aliyopewa na Eckart.

Akasimama, akapandisha suruali, akanena: "Enyi wanywaji! Jumapili ijayo, upepo wa kaskazini-magharibi ukinipiga mgongoni, nitaipeleka sindano mahali isipopajua, mpaka hiyo setilaiti yenu iseme mia mbili kwa kinywa chake. Nikishindwa, niiteni mtakavyo."

"Na shahidi nani?" akauliza Eckart. "Mimi nipo."

"Wewe? Na kilo zako hizo? Nikikupakia wewe si bora nifunge trela!"

Wakamchagua Hiltrud, mke wa Reinhold. Eckart akataka kukataa, akakumbuka kuwa ni dada yake wa tumbo moja, na kwamba katika sherehe ya miaka hamsini ya mumewe ndiye aliyetangaza kwa kipaza sauti jinsi huyo mume anavyokoroma. Mwanamke huyo hakuwa na uongo wa kumpa mtu.

Jumapili ikafika, na upepo ukaja. Shujaa akamvua farasi silaha zake zote: kiti cha nyuma, tairi ya akiba, jeki, hadi mwavuli. Akajaza matairi upepo yakawa magumu kama mawe. Hiltrud akaweka nyama ya nguruwe kwenye oveni, akapanda na simu ya kaka yake mapajani.

Wakaingia A31, wakaelekea kusini. Reinhold akakanyaga mafuta. Gari likanguruma, likatetemeka, likalia kama jeshi lililochomwa mikuki. Sindano ikapanda mia mbili.

"Mia na themanini na nane," akasoma Hiltrud.

"Najua!"

"Usinipigie kelele. Mia na tisini na tatu."

Sindano ikafika mia mbili na kumi, nchi isiyokaliwa na watu. Kioo cha pembeni cha kulia kikang'oka, kikaruka kuelekea Uholanzi.

"Mia na tisini na nane. Reinhold, kuna kitu kinanuka."

"Soma, mama, soma!"

"Mia na tisini na tisa. Mia na tisini na tisa. Tisa bado. Mia mbili... Mia mbili na moja! Haya, umepata, punguza, tunaungua!"

Moshi mweupe ukafunika kioo cha mbele. Mshindi akaegesha kando ya barabara, akashuka, akalipiga gari kofi la mapenzi kwenye paa, na Hiltrud, aliyekuwa na hasira, akaona machozi ya mumewe na hasira ikamwisha.

Walirejea baani juu ya gari la kuvuta magari mabovu, kwa mwendo wa themanini.

"Sema, dada," akadai Eckart.

"Mia mbili na moja. Nimeiona mwenyewe. Na wewe, kaka, ile mia mbili na thelathini unayojigamba nayo ilipimwa na nani?"

Tönne akachukua chaki, akauendea ubao wa ukutani wenye kasi aliyojigamba nayo kila mteja, akaipunguza kidogo ya kila mwanamume aliyekuwapo, akaanza na yake. Reinhold peke yake hakutolewa kitu. Wakasimama wote, Eckart wa mwisho, wakamwinulia glasi: "Mia Mbili!"

Gharama ilikuwa hivi: nusu tangi la dizeli, kioo kimoja, nyama iliyoungua yote, majigambo ya wanaume watano, na gari.